Methadone ni Bure, Lakini Nauli Je?

Wasee, tuongee ukweli. Tangu Desemba 2014, hospitali ya Mathari, Nairobi, inapeana methadone bure kwa wale wanataka kuwachana na unga. Malindi ikafuata 2015. Hii dawa inazima arosto, so mtu anaamka bila kusaka kitu ya kujidunga.

Shida ni hii: dozi ni ya kila siku, na kawaida unaimeza mbele ya nesi. Ukiishi mbali, hiyo ni nauli siku saba kwa wiki. Ukisota, unakosa dozi. Arosto ikirudi, base iko karibu kuliko kliniki. Na ukipata kazi ya mjengo, foreman hatakungoja utoke foleni.

Hapo daktari peke yake hatoshi. Kaunti ipeleke dozi karibu na mtaa. Karao wasimshike mtu akienda kliniki. Mdosi amruhusu achelewe kidogo. Pia kuna sindano ya buprenorphine inayokaa mwilini mwezi mzima. Hiyo ingeokoa nauli mob.

Na tusingoje wafadhili tu. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, tuliona vile kliniki zinaweza kwama. Teja ni brathe ya mtu. Bajeti yake itoke hapa home.