Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kiswahili katika Diploma ya IB

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imenijia mara nyingi tangu binti mmoja wa mtaa wa Kayole aniulize swali ambalo mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, nililijibu vibaya. Katika makala haya nakusudia kulijibu upya mbele yenu, wanachama wenzangu na wahadhiri wetu, kwa kuwa naamini kosa nililolifanya si langu pekee.

Wengi wetu tunaoishi Eastlands hujikimu kwa kufundisha masomo ya ziada. Mimi hukutana na wanafunzi wangu kila Jumamosi katika maktaba ya Kaloleni. Binti huyu alikuwa mmoja wao. Baada ya kufaulu vyema mtihani wa KCSE, alipata ufadhili wa miaka 2 katika shule mojawapo ya kimataifa hapa Nairobi ili asomee Diploma ya International Baccalaureate, ambayo wengi huifahamu kwa ufupi kama IB. Alikuja na fomu ya kuchagua masomo. Lugha yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kujazwa: Kiingereza. Katika nafasi ya lugha ya pili alikuwa na njia mbili: Kifaransa cha wanaoanza, ambacho kina mwalimu na darasa, au fasihi ya Kiswahili, ambayo angelazimika kujisomea mwenyewe kwa kuwa shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Akaniuliza, “Mwalimu, nichague ipi?”

Kabla ya kueleza nilivyomjibu, ni vyema tuutazame mtaala wenyewe. Shirika la International Baccalaureate lilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka wa 1968. Diploma yake hulengwa kwa vijana wa kati ya miaka 16 na 19, na husomwa kwa miaka 2 kabla ya chuo kikuu. Mwanafunzi huchukua masomo 6, na kila somo hutuzwa alama zisizozidi 7. Fauka ya hayo, husoma Nadharia ya Maarifa, huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na hushiriki shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Nadharia na insha huweza kumwongezea alama 3, hivyo kilele huwa alama 45. Katika eneo letu mtaala huu hufundishwa katika shule kama vile International School of Kenya na Aga Khan Academy jijini Nairobi, Aga Khan Academy ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka wa 2003, na shule ya Moshi nchini Tanzania iliyoanzishwa mwaka wa 1969, ambayo tangu 2019 ni mojawapo ya vyuo vya United World Colleges.

Hapa Kenya, elimu ya namna hii ina pengo lake la kihistoria. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, kidato cha 5 na cha 6 viliwekwa katika orodha ya mambo ya kuondolewa, na kundi la mwisho la kiwango hicho likafanya mtihani wake mwaka wa 1989. Tangu hapo, kijana Mkenya aliyetaka miaka 2 ya kujiandaa kwa chuo kikuu ameitafuta katika mitaala ya kigeni. Mitaala hiyo ina karo ambayo mzazi wa Kayole, Dandora au Umoja hawezi hata kuiwazia, isipokuwa mtoto wake apate mfadhili.

Sasa tuje kwa Kiswahili. Lugha za kazi za shirika hilo ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hata hivyo, mtaala wenyewe umekipa Kiswahili viti viwili. Kiti cha kwanza ni cha wanaoanza kabisa, yaani mwanafunzi asiyekijua Kiswahili au aliyekisikia kidogo tu, na ambaye hufundishwa kusalimu, kuuliza njia na kuandika barua fupi. Kiti cha pili ni cha fasihi: Kiswahili kama lugha ambayo mwanafunzi huitumia kusoma, kuhakiki na kujadili kazi za sanaa kwa kiwango kile kile kinachotakiwa kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza. Shule isiyo na mwalimu wa somo hili huweza kumruhusu mwanafunzi kujisomea katika daraja la kawaida, chini ya uangalizi wa shule, na kufanya mtihani wake kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, mtahiniwa anayefaulu katika fasihi za lugha mbili, mathalani Kiingereza na Kiswahili, hupewa diploma ya lugha mbili. Mgeni, basi, ametutengea kiti cha heshima. Swali ni nani anayekikalia.

Nakiri kwamba nilimshauri binti yule achague Kifaransa. Nilimwambia kwamba alama zake ndizo zitakazompeleka chuo kikuu, kwamba kujisomea ni mzigo, na kwamba Kiswahili anakijua tayari. Akanisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, kama wewe mwenyewe unaniambia hivyo, wewe chuoni unasomea nini?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia Jogoo Road nikilitafakari swali hilo. Nilichokuwa nimemwambia ndicho tunachoambiwa sisi sote kila tunapotaja kozi tunayosomea. Tunakasirika tunapoulizwa na jamaa zetu kama kweli mtu huenda chuo kikuu kusomea Kiswahili; kumbe tunapokabidhiwa fomu ya mtoto wa mwenzetu, tunarudia maneno yale yale kwa sauti ya upole.

Hoja ya kwamba “Kiswahili anakijua tayari” inastahili kujibiwa, kwa kuwa si yangu peke yangu. Mamake binti, ambaye huuza mboga karibu na kituo cha matatu, alinieleza bila kuficha: “Mwalimu, mimi nataka asome kitu kitakachomfikisha mbali. Kiswahili si tunacho hapa nyumbani?” Mama huyu hana kosa. Amelipa karo kwa jasho lake, na anajua bei ya kila kitu. Lakini kilichoko nyumbani ni lugha ya mazungumzo. Fasihi ni jambo jingine. Mwingereza hamwambii mwanawe asisome fasihi ya Kiingereza kwa sababu Kiingereza wanacho jikoni. Mtoto wake hukaa darasani kwa miaka mingi akisoma tamthilia na ushairi wa lugha ambayo alizaliwa nayo, na hakuna anayeona kwamba anapoteza wakati.

Tazama pia tofauti ya kiwango. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mwanafunzi wetu husoma vitabu 3 vilivyoteuliwa: riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi, pamoja na ushairi na fasihi simulizi. Aghalabu huvisoma kwa mwongozo mkononi, akikariri dondoo, maudhui na sifa za wahusika. Mwanafunzi wa fasihi katika IB husoma angalau kazi 9 katika daraja la kawaida na 13 katika daraja la juu, zikiwemo kazi zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Hutakiwa kulinganisha kazi hizo na kutoa hoja zake mwenyewe juu ya matini ambayo hajapata kuiona. Binti aliyepata A ya Kiswahili katika KCSE hajafika mwisho wa Kiswahili. Amefika mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba hatuna kazi za kutosheleza mtaala wa namna hiyo. Dai hilo halina mashiko. Tunayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Siku Njema ya Ken Walibora (1996), na hapo sijagusa tenzi za kale wala waandishi wa miaka ya hivi karibuni. Kwa upande wa tafsiri, Julius Nyerere aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka wa 1963 na kutoa Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, naye Samuel Mushi akatupatia Mfalme Edipode mwaka wa 1971. Tatizo letu si uhaba wa kazi. Baadhi ya vitabu hivi ni adimu madukani, na kijana wa Kayole hana budi kuvisaka kwa wauza vitabu vya mitumba au kuviomba kwa mtu aliye na kadi ya maktaba ya chuo kikuu. Mtu huyo ni mimi na wewe.

Lipo pia suala la Sheng, ambalo mwanafunzi yeyote wa Eastlands hulibeba kama deni. Binti aliniambia anahofia kwamba Kiswahili chake ni “cha mtaa”. Nilimweleza kwamba mtaa wake haujamnyima lugha. Mtu anayeweza kubadilisha msimbo kutoka Sheng hadi Kiswahili sanifu, kisha Kiingereza na lugha ya nyanyake, yote katika safari moja ya matatu, amekwisha kujifunza jambo ambalo vitabu vya isimujamii hulieleza kwa kurasa nyingi. Hata hivyo, sikumdanganya. Mtihani wa fasihi hutaka Kiswahili sanifu kilichokomaa, na ukomavu huo haupatikani kwa kujivunia mtaa tu. Unahitaji kusoma, kuandika na kusahihishwa. Hapo ndipo anapohitaji mwongozaji.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tujishughulishe na mtaala wa matajiri ilhali shule nyingi za Eastlands zina msongamano wa wanafunzi na uhaba wa vitabu? Swali hili ni la haki, nami nimejiuliza mara kadhaa. Jibu langu ni kwamba mtaala huu ni kioo. Unatuonyesha kwamba mgeni wa Geneva anaamini Kiswahili kinaweza kubeba uhakiki wa kiwango cha kuingilia chuo kikuu, huku mwenyeji wa Nairobi akimshauri mwanawe akikimbie. Pili, jambo hilo hilo linabisha hodi katika shule zetu za umma. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule ya upili ya juu Januari 2026. Kiswahili kimebaki somo la lazima, ila kwa wanafunzi wanaosoma Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake; lakini Fasihi ya Kiswahili imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchaguliwa. Kila mwanafunzi sasa atapewa fomu kama ile ya binti wa Kayole, na kila mwalimu ataulizwa, “Nichague ipi?” Tukijibu kama nilivyojibu mimi, Fasihi ya Kiswahili itakuwa mstari tu katika fomu, somo lisilo na mwanafunzi, na hatimaye lisilo na mwalimu.

Kwa mintarafu hii, ninatoa mapendekezo matatu. Kwanza, chama chetu kiandae orodha ya wanachama walio tayari kuwaongoza wanafunzi wanaojisomea fasihi ya Kiswahili, na kuituma katika shule zinazofundisha IB na katika shule za umma zilizo karibu nasi. Pili, tuwe na rafu moja ya vitabu adimu vya kuazimwa, hata kama tutaanza na nakala ishirini za mikononi mwetu. Tatu, nawaomba wahadhiri wetu wajitokeze kutunga na kusahihisha mitihani ya Kiswahili katika mitaala hii ya kimataifa. Kiti kikiachwa wazi, kitakaliwa na mwingine, kisha tutalalamika kwamba lugha yetu inaamuliwa na wageni.

Na binti je? Alirudi Jumamosi iliyofuata, fomu mkononi. Nilimwomba radhi, nikamweleza faida na hatari za njia zote mbili, nikamwachia uamuzi. Alichagua fasihi ya Kiswahili. Mamake alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Basi mwalimu, huyu sasa ni wako pia.” Hadi sasa tumesoma kazi nne. Katika tamthilia hunishinda kwa hoja. Katika ushairi mimi ndiye ninayeyumba, maana arudhi haikuwa uwanja wangu. Anahitaji mtu aliyebobea katika ushairi, na ninajua kwamba mtu huyo yumo humu chamani na anayasoma makala haya. Maktaba ya Kaloleni, Jumamosi asubuhi. Tutakuwa tumekaa karibu na dirisha.

Mgeni amekwisha kuja. Kupona au kutopona ni shauri la mwenyeji.