Tembe Hatagi? Hesabu Wiki Kwanza

Kuna kesi inayosikilizwa katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina na Nanyuki, na mshtakiwa ni kuku. Alinunuliwa akiwa kifaranga, akalishwa miezi minne, sasa manyoya yanang'aa lakini yai hakuna. Baba anatazama gunia la chakula linavyopungua na kuuliza, "Mama watoto, hawa tunawafuga au wanatufuga?" Kabla Jumapili haijaisha, kisu kimenolewa.

Mpenzi msomaji, kabla ya kutoa hukumu, chukua kalenda.

Kuku jike ambaye hajaanza kutaga huitwa tembe, na kila tembe ana wakati wake. Wale wa kisasa wa mayai huanza wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa shirika la utafiti la KALRO, huanza wakikaribia miezi 5. Kienyeji halisi anayejitafutia uani aweza kuchukua miezi 6 hadi 8. Basi usimpime wako kwa kuku wa jirani.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Tembe wa kisasa hula kama kilo 7 za chakula kabla ya wiki ya 18. Gharama hiyo umekwisha kuilipa. Kumchinja wiki ya 19 ni sawa na kumtoa mtoto shuleni wiki ya mtihani, na karo yote umelipa.

Dalili zipo kwa mwenye macho. Upanga wa kichwani hukua na kuwa mwekundu. Ukimkaribia, tembe huchutama badala ya kukimbia. Huanza kuchungulia pembe zenye giza. Tena pana mifupa miwili midogo chini ya mkia: ikiwa imebanana, bado, vidole viwili vikipita katikati, yai li karibu.

Wengine husoma vitabu vya ng'ambo na kukimbilia kununua balbu. Uingereza, mwezi wa Desemba, mchana haufiki saa 8 na kuku wengi huacha kutaga. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, inayopita pale Nanyuki, tuna mchana wa saa 12 mwaka mzima. Taa humwongezea mayai mfugaji mkubwa, lakini tembe wa uani ataanza bila hiyo. Adui wetu ni baridi ya Juni hadi Agosti, wakati ukungu wa mlimani unaposhuka. Kuku anayetetemeka hutumia chakula kujipasha joto. Ziba upepo, weka nyasi kavu sakafuni, na usimpunguzie chakula.

Chakula nacho kina zamu yake. Kile cha kutagisha kina chokaa nyingi ya kujengea ganda, na tembe akipewa mapema mno kinaweza kumdhuru figo. Kibadilishe karibu na wiki ya 18, au uonapo yai la kwanza. Maji safi yasikosekane.

Viota viwe tayari kabla ya siku hiyo: kimoja kwa kuku wanne au watano, penye giza kidogo. Asipoona kiota, atataga chini ya mibuni, nawe utaendelea kumshtaki mtu anayekufanyia kazi kila siku. Jogoo si lazima, isipokuwa unataka vifaranga.

Yai la kwanza likiwa dogo, au ganda likiwa laini, usishtuke. Mwili bado unajifunza. Usidai mayai mawili kwa siku pia, kwani yai moja huchukua karibu saa 25 kutengenezwa.

Je, wakati umepita kabisa na bado hakuna kitu? Tafuta minyoo, chawa na mayai yaliyofichwa, kisha umwone daktari wa mifugo. Na kama mshtakiwa amewika alfajiri, hapo kesi imekwisha. Sufuria ipo.

Kwenu wanafunzi mlio nyumbani, kazi yenu ni ndogo: andikeni ukutani tarehe vifaranga walipoanguliwa, na kila Jumapili mwongeze wiki moja. Tarehe hiyo itamwokoa kuku mwingi kutoka kisuni.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.