Kuwa Jirani na Mirembe Si Kutibiwa

Kila inapopendekezwa kwamba matibabu ya afya ya akili yapatikane kwenye zahanati na vituo vya afya vya kata kama Chang'ombe, Dodoma, hoja nne za kupinga hurudi zilezile. Mmezisikia. Zipimeni moja moja.

Ya kwanza: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe imo humuhumu jijini, basi mkazi wa Chang'ombe anadai nini? Ni kweli imo, tena tangu 1927. Lakini Mirembe ni hospitali ya rufaa ya nchi nzima, na rufaa maana yake kuna ngazi ya chini iliyomwona mgonjwa kwanza. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo iko Dodoma, na hakuna aliyesema zahanati zifungwe kwa sababu hiyo. Isitoshe, mtaani kuambiwa "wa Mirembe" ni tusi. Asiyepata usingizi kwa wiki kadhaa hathubutu kwenda huko. Hupelekwa baadaye, akiwa ameshafungwa kamba.

Ya pili: kazi hii ni ya madaktari bingwa, nao ni wachache. Ni wachache kweli, na ndiyo sababu wasiachiwe kila mgonjwa. Tanzania yenyewe ilianza kushusha huduma hii ngazi ya msingi mikoani Morogoro na Kilimanjaro mwaka 1980. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa sonona ilipungua sana vijijini kupitia vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa, wasio madaktari. Zimbabwe, wahudumu wa jamii wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki walipata matokeo kama hayo, yakachapishwa 2016. Bingwa asimamie, na apokee walioshindikana.

Ya tatu: wananchi wenyewe huenda kwa waganga wa kienyeji. Wengi huenda. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 48 ya waliokuwa kwa waganga. Wanaoshika takwimu hiyo huiacha ya pili, ya utafiti uleule: asilimia 24 kwenye kliniki za kawaida. Takribani mmoja kati ya wanne waliokuwa kwenye foleni ya kliniki tayari alikuwa na tatizo hilo. Mtu kama huyo hulalamikia kichwa, moyo kwenda mbio, mwili kuchoka. Anapimwa malaria, haionekani, anapewa panadol, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Akiishia kwa mganga, si yeye aliyeikataa hospitali. Tazameni pia mgongano: hoja ya kwanza inasema Mirembe inawatosha, ya tatu inasema hospitali hawaitaki. Anayezishika zote mbili achague moja.

Ya nne: fedha hakuna. Bajeti za zahanati ni finyu, hilo halina ubishi. Ila dawa zinazohitajika zaidi, kama fenobabitoni ya kifafa, haloperidoli na amitriptilini, ni za zamani na za bei nafuu. Gharama kubwa huja zinapokosekana. Mama wa kijana mwenye kifafa anaambiwa dirishani, "Dawa zimeisha, jaribu Hospitali ya General." Nauli hana. Kijana anakaa bila dawa, degedege inarudi, anaangukia moto wa jikoni. Sasa anahitaji kulazwa na kutibiwa majeraha kwa wiki nyingi, kwa fedha zilezile tulizoambiwa hazipo. Anayelalamika kwamba wodi zimejaa huku akipinga dawa kufika kwenye kata anailinda sababu ya wodi hizo kujaa.

Kinachodaiwa ni hiki: mhudumu mmoja aliyefunzwa katika kila kituo, dawa hizo zisikatike, siku moja ya kliniki kila wiki, na daftari la kuwafuatilia waliokosa kurudi. Wanaopinga wataje ni lipi kati ya haya manne lisilowezekana Chang'ombe, na kwa ushahidi gani. Mpaka watakapotaja, uamuzi wenu hauna sababu ya kuwa mgumu.