Mkono Unaouma Baada ya Kujifungua: Likizo ya Baba Inahusikaje?

Wiki chache baada ya kujifungua, mama wengi huanza kuumwa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kumwinua mtoto kunauma, kukamua nguo kunauma. Huo si udhaifu wala uvivu.

Kano mbili zinazotanua na kunyoosha kidole gumba hupita pamoja ndani ya ala nyembamba. Unapomnyanyua mtoto kwa kumshika kwapani, gumba likiwa limetanuka, kano hizo husuguana na ala. Kazi hiyo ikirudiwa kutwa, ala hunenepa na kuzibana.

Dawa ya kwanza ni kupumzisha mkono, na hapo ndipo penye ugumu. Kwa sheria ya Tanzania, mama aliyeajiriwa hupata likizo ya siku 84, baba siku 3. Kenya, miezi 3 na wiki 2. Maumivu yanapoanza, mara nyingi baba ameshasharudi kazini. Mama muuza mboga hana likizo kabisa. Kwa hiyo, jioni baba, dada au bibi ambebe mtoto na amwogeshe.

Mama, mnyanyue mtoto kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo, gumba likikaa karibu na vidole. Unaponyonyesha, mlaze juu ya mto.

Maumivu yasipopungua, nenda kliniki: banzi au sindano husaidia wengi. Ukiona uvimbe mwekundu wenye joto, au homa, nenda siku hiyo hiyo.