Picha ya ubongo ikiwa safi, mgonjwa asiitwe mvivu

Watu wengi hudhani kuwa aliyeumia kichwa, kidonda kikishapona akawa anatembea na kuzungumza, basi amepona kabisa. Na kama picha ya CT-Scan ilitoka safi, akishindwa kurudia shughuli zake ataambiwa ni mvivu, mkaidi, au karogwa. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ni ya haraka na inadhulumu wagonjwa.

Kisa cha Phineas Gage ni funzo. Huyu alikuwa msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, baruti ililipuka na mtarimbo wa zaidi ya mita 1 ukaingia shavuni, ukapita nyuma ya jicho la kushoto na kutokea utosini. Hakufa, na baadaye mwili wake ulipata nguvu. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kuwa Gage alikuwa akipanga mambo mengi na kuyaacha mara tu baada ya kuyapanga. Waajiri waliomsifu kwa uhodari walikataa kumrudishia cheo chake.

Kilichoumia ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Sehemu hii ina kazi kubwa katika kupanga: lipi litangulie, lipi lifuate, lipi liachwe. Mtu anaweza kuipoteza kazi hiyo huku ulimi na miguu yake ni mizima.

Je, picha husema nini? CT-Scan huonyesha haraka mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, na kwa hilo huokoa maisha. Lakini kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi ndogo mno zinazounganisha sehemu za ubongo huweza kuharibika, na mara nyingi CT-Scan haizioni. MRI huona zaidi, ingawa nayo haioni yote.

Ipo pia MRI inayoonyesha ubongo ukiwa kazini, kwa kufuatilia oksijeni katika damu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliitumia kwa watu walioumia kichwa kiasi kidogo mwezi mmoja nyuma. Katika zoezi la kumbukumbu walifanya vizuri kama wazima, lakini zoezi lilipokuwa gumu zaidi ubongo wao ulifanya kazi kwa eneo kubwa zaidi. Kipimo hiki bado ni cha utafiti zaidi kuliko cha kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo, maelezo ya mkewe, mumewe au mzazi anayeishi naye yana uzito mkubwa mbele ya daktari.

Ni vyema basi mgonjwa apewe kazi moja kwa wakati, ratiba isiyobadilika, daftari la kuandikia mambo ya siku, na muda wa kupumzika. Gage mwenyewe baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye utaratibu wa kila siku.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, usingizi usio wa kawaida au maumivu ya kichwa yanayozidi, arudishwe hospitali mara moja. Akisahau na kuvuruga mipango, tumpeleke kwa daktari kabla ya kumlaumu.