Wagonjwa wa saratani waelezwe juu ya ganzi





Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi, akarudi kijijini akiwa na nafuu. Baada ya wiki chache vidole vyake vya mikono na miguu vilianza kufa ganzi, na usiku nyayo zikawa zinamwaka moto. Siku moja alikanyaga kaa la moto karibu na mafiga asihisi kitu. Sisi tulishtuka kwa harufu. Majirani walisema karogwa. Kidonda kilimlaza msimu mzima wa kilimo bila kushika jembe. Kumbe ni dawa, wala huko alikotibiwa hakuna aliyemweleza.

Ukweli ni kwamba baadhi ya dawa za saratani, kama vile sisplatini, paklitakseli na vinkristini, huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Ganzi ya sisplatini yaweza kuzidi hata miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa, yaani wakati mgonjwa yuko nyumbani, mbali na daktari.

Mkoani kwetu Dodoma jambo hili si geni. Hapo Hombolo walitunzwa wagonjwa wa ukoma, na ukoma nao huua fahamu za mikono na miguu. Wagonjwa wa ukoma hufundishwa kukagua nyayo zao kila siku, kuvaa viatu hata uani, na kutoshika sufuria ya moto bila kitambaa. Je, mgonjwa wa saratani amekosa nini hata asifundishwe hayo?

Aidha, mgonjwa aambiwe kuwa akianza kusikia ganzi amweleze daktari kabla ya kuchomwa dawa nyingine, kwani kipimo chaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Yako maumivu ambayo hupungua kwa dawa iitwayo duloksetini, lakini lazima daktari aiandike.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba kila anayepewa dawa hizi apewe pia karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, na wauguzi wa zahanati za vijijini waelimishwe. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo kuliko ya kutibu kidonda kimoja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dodoma.