Uuguzi: Chuoni au kwa Kompyuta?

Huenda nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza shule na anataka kusomea uuguzi. Au labda wewe mwenyewe ni muuguzi mwenye cheti na unatamani diploma. Je, mfuate njia gani?

Njia kongwe ni ya kukaa chuoni. Florence Nightingale alifungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka wa 1860, na mtindo huo ukaenea hata huku kwetu. Mwanafunzi husoma darasani, kisha huingia wodini, msimamizi akimtazama anavyotandika kitanda, anavyopima joto na kudunga sindano.

Njia nyingine ilijaribiwa hapa Kenya kuanzia mwaka wa 2005. Wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 walihitaji kufikia kiwango cha diploma. Vyuo havikuwa na nafasi za kuwatosha, na lau wangeondoka kazini kwa pamoja, nani angebaki na wagonjwa? Ndipo shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi wakaleta masomo ya kompyuta. Muuguzi alibaki kazini, akasoma katika kituo kilicho karibu, akafanya mazoezi hospitalini, kisha akaukalia mtihani wa Baraza.

Faida yake ni wazi. Mama hakulazimika kuwaacha watoto wala kupoteza mshahara. Lakini kusoma baada ya zamu ya usiku si lelemama, na umeme ukipotea, somo nalo hulala.

Hata hivyo, mzazi mwenzangu, usisahau jambo moja. Wauguzi wale walikuwa tayari wamewahudumia wagonjwa kwa miaka. Kompyuta yaweza kueleza mshipa ulipo. Kuupata katika mkono wa mtoto anayelia ni kazi nyingine kabisa. Kijana anayeanza anahitaji mwalimu wa kumshika mkono kando ya kitanda.

Basi kabla hujalipa karo, uliza: Je, chuo kimeidhinishwa na Baraza? Mazoezi yatafanyiwa hospitali gani? Nani atamsimamia mwanafunzi huko wodini? Ukijibiwa kwa kubabaishwa, rudi nyumbani na pesa zako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika kazi hii, asiyefunzwa vyema humwumiza mgonjwa.